Ndani ya mshale: shajara ya mradi wetu wa Jumamosi, Kirumba

Nafundisha darasa la nne na la tano katika shule ya msingi wilayani Ilemela, Mwanza. Tangu mwezi Mei nina kikundi cha watoto 19 wanaokuja Jumamosi saa tatu asubuhi kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Kirumba, pamoja na wadogo zao wawili watatu wasiokubali kuachwa nyumbani. Tunatafuta vitu tunavyovishika kila siku vimetoka wapi. Naandika kila tukimaliza, kabla sijasahau.

Jumamosi, 3 Mei 2025

Nilipanga vitu mezani: shati la shule, sufuria, kopo la maziwa ya unga, chaki, mfuko wa sokoni, kipande cha wavu, kokoto. Nikanyanyua kimoja kimoja nikiuliza, "Hiki kimetoka wapi?"

"Dukani." "Kwa Mangi." "Mlango Mmoja." "China." Kokoto peke yake ndiyo iliyopata jibu la aina nyingine: "Mlimani, mwalimu."

Sikuwasahihisha, maana hawakukosea. Shati la mtoto yule kweli mama yake alilinunua Mlango Mmoja. Nilichofanya ni kuuliza tena, "Na kabla ya hapo?" Kabla ya dukani, lori. Kabla ya lori, stoo. Kabla ya stoo, kiwandani. Hapo wakanyamaza wote, kama wamefika kwenye ukuta.

Nikachukua chaki nikachora kama nilivyochorewa mimi nilipokuwa na umri wao: mmea wa pamba kushoto, shati kulia, mshale katikati. Msichana mmoja wa darasa la nne, mkimya, anayependa kukaa karibu na nguzo, akanyoosha mkono. "Mwalimu, humo ndani ya mshale kuna nini?"

Nikasema, "Kiwanda."

"Kiwanda kinaifanya nini?"

Nikaona jibu langu halikupishana sana na "dukani". Nina miaka 11 kazini, na mshale huo nimeuchora kila mwaka bila kuulizwa, au pengine niliulizwa nikapita haraka. Mwanzo wa kitu ni rahisi kuusimulia, mwisho wake watoto wameuvaa. Katikati ndiko watu wanakotoka jasho, na katikati ndiko tunakoweka mstari mmoja wenye ncha. Leo nimeamua mradi huu utaingia humo. Kila Jumamosi mshale mmoja.

Jumamosi, 10 Mei

Bibi wa mmoja wa watoto, anayelima Kwimba, ametutumia kiroba cha pamba mbegu. Wengi hawakuwahi kuishika ikiwa na mbegu zake ndani, ingawa wamezaliwa Usukumani. Wa mjini wanajua pamba ya dukani, ile ya kusafishia vidonda.

Tulipima kilo moja kwenye mizani ya duka la jirani, tukakaa mkekani kuchambua kwa vidole. Mbegu haitoki hivi hivi. Nyuzi zimeota kwenye ganda lake kama nywele kichwani, kila unywele na shina lake. Ilituchukua saa mbili, watoto 19 na mimi, na vidole vikawa vyekundu. Tulipopima tena: nyuzi gramu 340, mbegu gramu 630, zilizobaki ni takataka za majani. Mtoto mmoja alikasirika. Alidhani mkulima anauza nyuzi, kumbe theluthi mbili ya mzigo ni mbegu. Nikawaeleza kuwa mbegu haitupwi: hukamuliwa mafuta ya kupikia, na makapi yake ndiyo mashudu wanayolishwa ng'ombe. "Kwa hiyo shati na chapati ni ndugu," akasema. Nimeliandika ukutani hivyo hivyo.

Baada ya kuumia vidole hakuna aliyehitaji kubembelezwa asikilize habari za kinu cha kuchambulia pamba. Nilichora misumeno ya duara inayozunguka ikipita kwenye nafasi nyembamba za chuma: meno yanakamata nyuzi na kuzivuta upande wa pili, mbegu ikishindwa kupenya inadondoka. Kisha nyuzi hushindiliwa kuwa marobota. Wakaelewa mara moja, kwa sababu vidole vyao vilikuwa vimetoka kuifanya kazi ile ile.

Halafu kusokota. Unywele mmoja wa pamba una sentimita mbili na nusu, tatu hivi. Unapataje uzi wa mita nzima? Tulichomeka kijiti kwenye kiazi kitamu kidogo kiwe uzito wake, tukazungusha. Mara ya kwanza uzi ulikatika, mara ya pili ukakatika, mara ya kumi ukashika. Hakuna gundi humo. Nyuzi zikisokotwa hubanana, na kadiri unavyovuta ndivyo zinavyozidi kubanana. Tulipata mita nne za uzi wenye vifundo vifundo. Nimeufunga kwenye kibao, na hakuna anayeruhusiwa kuugusa kwa mikono michafu. Sheria hiyo wameiweka wao.

Jumamosi, 17 Mei

Leo mpango wangu umevunjika, na ninashukuru.

Nilikuwa nimekwisha kufunga kamba ukutani kwenye ramani, kutoka Kwimba hadi kwenye shati la shule. Kabla ya kuwaonyesha, nikataka tufanye jaribio la moto ili wajue kutofautisha nyuzi. Kiberiti nilishika mimi peke yangu, vipande vidogo kama ukucha nilivishika kwa koleo la mkaa, karai la maji pembeni, watoto hatua tano nyuma, upepo ukielekea ziwani.

Uzi wao wa pamba uliwaka haraka, ukanuka kama karatasi, ukaacha jivu laini la kijivu. Kanga ya zamani ya pamba, vivyo hivyo. Uzi wa wavu haukuwaka namna hiyo: ulijikunja ukikimbia moto, ukayeyuka, ukaacha kitone kigumu kama shanga. Hiyo ni nailoni. Kisha nikachoma kipande cha pindo la shati la shule. Likawaka, likanuka karatasi, likaacha jivu, na ndani ya jivu vijiwe vigumu.

"Mwalimu, shati limefanya yote mawili."

Tetroni. Mafundi cherehani wote wanalijua jina hilo, na mimi nililijua tangu utotoni bila kujiuliza ni kitu gani. Ni pamba iliyochanganywa na poliesta, na poliesta chanzo chake ni mafuta ya petroli. Huchanganywa hivyo kwa sababu nguo inakauka upesi, haikunjamani sana, na inadumu. Kamba yangu moja ikawa haitoshi. Tena hata ile nusu ya pamba siwezi kuapa kuwa ni ya Kwimba, maana sehemu kubwa ya pamba nyuzi ya Tanzania husafirishwa nje ikiwa marobota, na vitambaa vingi tunavyoshona vimefumwa nchi nyingine. Robota letu linaweza kuvuka bahari na kurudi likiwa jora.

Nilifungua kamba mbele yao. Msichana wa kwenye nguzo akasema tuweke kamba mbili, moja kwenye shamba na nyingine kwenye kisima cha mafuta. Tukaangalia ramani. Bomba la mafuta ghafi linalojengwa kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, lina urefu wa kilomita 1,443 na linapita mkoa jirani wa Geita. Kwa hiyo kamba ya pili imeanzia Hoima, na nimewaambia wazi kuwa ni mfano tu: mafuta yaliyotengeneza shati hili yametoka kwenye visima vya mbali zaidi, nasi hatuvijui.

Kilichowauma zaidi ni mfuko wa sokoni. Wote walisema ni kitambaa. Walikuwa bado wadogo sana mifuko ya rambo ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Nikawapa kila mmoja kipande, nikasema, "Toeni uzi mmoja." Kwenye kanga uzi unatoka. Kwenye mfuko hautoki, unachanika tu kama unyoya, kwa sababu haukufumwa. Plastiki huyeyushwa, humiminwa ikiwa nyuzi nyembamba sana, nazo hushikana kwa joto. Kwenye moto ukayeyuka kama wavu.

"Sasa kwa nini wanasema si plastiki?" Aliyeuliza alikuwa na hasira ya kweli. Nilimjibu kwamba sheria ililenga ile mifuko myembamba iliyokuwa ikitumika mara moja na kuziba mitaro, na huu tunaweza kuutumia miezi mingi. Lakini ukoo wake ni ule ule, na mtoto ana haki ya kuujua. Amekwenda nao nyumbani, ameahidi kutoutupa.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua kubwa tangu alfajiri. Walikuja sita. Badala ya kuwarudisha, nilinunua unga wa jipsam dukani kwa fundi wa dari, tukaukoroga na maji, tukaujaza kwenye mirija ya soda iliyozibwa upande mmoja. Ilipoanza kuganda ikawa ya moto mkononi, wakashtuka. Baada ya nusu saa tukapasua mirija tukapata chaki, na zinaandika! Madini yenyewe yanaitwa jasi, huchimbwa sehemu kama Itigi mkoani Singida. Ukiichoma inapoteza maji yake, ukiisaga na kuirudishia maji inakuwa jiwe tena. Chaki na dari ni kitu kimoja. Hata jirani zetu wa Maswa, Simiyu, wana kiwanda cha chaki. Watoto 13 waliokosa watalia wakisikia.

Jumamosi, 31 Mei

Tumekwenda Makoroboi. Jina la mtaa ule limetokana na kazi ya pale, mafundi kugeuza makopo na mabati kuwa koroboi, yaani vibatari, na majiko, karai, faneli. Kutoka Kirumba tulitembea kwa mstari, wakubwa wakiwashika wadogo mikono.

Mzee tuliyekuwa tumepanga naye alitupokea akiwa ameshika nyundo. "Shikamoo, babu!" wote kwa pamoja. "Marahaba, wajukuu zangu. Kaeni kivulini, msisogee kwenye makali."

Kila mtoto nilikuwa nimempa kipande cha sumaku kutoka spika mbovu za redio. Walianza kujaribu kila kitu. Sufuria, haishiki. Kopo la maziwa, linashika. Bati la paa, linashika. Koroboi, inashika. Sufuria ni alumini, na zile nzito za kusubu zimetokana na vyuma chakavu vya alumini vilivyoyeyushwa upya. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi joto 660, moto wa mkaa ukipulizwa unafika hapo. Lakini bati kwa nini linashika sumaku?

Mzee akacheka kidogo akasema, "Hili mnaloliita bati ni chuma kilichovalishwa." Ninalinakili neno lake hilo kwa sababu sijawahi kulisikia likifafanuliwa vizuri zaidi. Bati la paa ni chuma kilichovalishwa zinki kisipate kutu. Kopo la maziwa ni chuma kilichovalishwa kitu kingine, utando mwembamba wa bati halisi, yale madini ya bati yanayochimbwa Kyerwa, huko Kagera. Kiswahili kimewapa jina moja wote wawili. Mtoto akikaririshwa kwamba "bati linatengenezwa kwa bati" ataandika hivyo kwenye mtihani na hatakuwa na habari.

Akatuonyesha mahali bati halisi linapoonekana kwa macho. Alipasha moto chuma cha kulehemia kwenye mkaa, akagusisha kijiti cha kijivu kinachong'aa, kikatiririka kama maji kwenye mshono wa koroboi na kuganda papo hapo. Mafundi wanakiita risasi, na ni mchanganyiko wa bati na risasi. Watoto niliwaweka mbali na moshi, na hakuna aliyekishika, kwa sababu risasi ni sumu, hasa kwa watoto. Mzee mwenyewe alisema vyombo vya chakula halehemu kwa kitu hicho. Nilifurahi yeye ndiye aliyelisema.

Tukiwa njiani kurudi, mtoto ambaye kwao ni Bukoba aliuliza chuma chenyewe kimetoka wapi kabla ya kuvalishwa. Nikamwambia jibu liko kwao. Katuruka, si mbali na mji wa Bukoba, kumechimbuliwa mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za takriban miaka 2,000 iliyopita. Na upande huu wa kusini mwa ziwa, Warongo walikuwa wakifua majembe kwa chuma walichokiyeyusha wenyewe kutoka kwenye mawe mekundu. Mkaa unafanya kazi mbili: unatoa joto, na unalinyang'anya jiwe hewa ya oksijeni iliyoshikana na chuma. Mivukuto ilisukumwa kwa mikono saa nyingi mfululizo. Mtoto yule alitembea mbele ya mstari mpaka Kirumba, kifua mbele.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Hatukukutana. Nimeletewa pilau na familia tatu.

Jumamosi, 14 Juni

Shule zimefungwa, kwa hiyo wamekuja mapema mno, wengine saa moja na nusu.

Mshale wa leo ulianzia nyuma ya nyumba, kwenye jabali. Mwanza yote imekaa juu ya mawe, na watoto wameyazoea hadi hawayaoni tena. Nilivunja kipande kipya kwa nyundo nikawagawia na vioo vya kukuzia viwili tulivyo navyo. Tafuteni rangi ngapi? Wakapata tatu. Punje za kijivu zinazopitisha mwanga kama kioo: kwatzi. Punje nyeupe na za rangi ya waridi zenye nyuso bapa: felispa. Na vipande vyeusi vinavyometa na kubanduka kama magamba ya samaki: ulanga. Jiwe hili linaitwa matale, na liliganda polepole chini sana ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita. Kuganda polepole ndiko kulikozipa punje nafasi ya kukua mpaka zionekane kwa macho. Udongo wa juu ulimomonyoka, majabali yakabaki yamebebana kama tunavyoyaona, hadi lile la Bismarck ziwani ambalo kila mgeni analipiga picha.

Tukapanda hadi kwa mama wanaogonga kokoto. Pale huwashwa moto juu ya jabali kwanza, jiwe likipata joto linapasuka matabaka, ndipo nyundo inapofuata. "Shikamooni, mama." "Marahaba, wanangu. Leo mmekuja kutusaidia?" Watoto waligonga, kila mmoja mapigo kumi, miwani ya kuazima machoni. Jumla yao wote hawakujaza robo ya ndoo. Mama mmoja alisema yeye hujaza ndoo nyingi kwa siku na mikono yake haikumbuki tena maumivu. Wavulana wawili waliokuwa wakicheka njiani walikaa kimya.

Tulirudi na jiwe lililooza, lile linalovunjika kwa vidole. Tulilitwanga, tukalitia kwenye chupa ya plastiki yenye maji, tukatikisa, tukaiacha darini.

Jumamosi, 21 Juni

Chupa! Chini kabisa mchanga, juu yake matope laini ya rangi ya maziwa ya chai, na maji juu yamekuwa meupe. Felispa ikikaa muda mrefu na maji inaoza kuwa udongo wa mfinyanzi. Kwatzi haiozi, inabaki mchanga. Jabali moja ndilo lililotoa mchanga wa ufukweni na udongo wa chungu. Niliwaacha waizungushe chupa mikononi bila kusema neno, kwa sababu hakuna maelezo yangu yaliyokuwa na nguvu kuliko ile mistari.

Mtoto mmoja aliingia akihema: amevuka Daraja la Kigongo–Busisi na baba yake jana, siku moja baada ya kufunguliwa rasmi tarehe 19. Kilomita tatu juu ya maji! Hakukuwa na foleni ya feri. Wote wakataka kujua limejengwa kwa nini, na furaha yangu ni kwamba wao wenyewe walijibu zaidi ya nusu: kokoto, mchanga, nondo. Saruji ndiyo iliyobaki. Ni mawe ya chokaa na udongo vilivyochomwa hadi karibu nyuzi 1,450, vikasagwa pamoja na jasi kidogo ili isigande upesi mno. "Ile ya chaki?" Ile ile ya chaki.

Jumamosi, 28 Juni

Mama mfinyanzi kutoka Misungwi alikuja na udongo wake na kapu la vigae vya vyungu vilivyovunjika. Alitufundisha kuvisaga na kuvichanganya kwenye udongo mpya. Bila vigae, alisema, chungu kinapasuka motoni. Kigae kimekwisha kupitia moto, hakisinyai tena, kinampa mwenzake nafasi. Watoto walifinyanga vijungu 19. Vinatakiwa kukaa kivulini siku nyingi.

Jumatano, 2 Julai

Kosa la wiki hii ni langu. Leo watoto walinisihi, nami nilikubali kuchoma mapema, siku nne tu. Tulipanga kuni na samadi kavu, tukawasha. Baada ya dakika ishirini vikaanza kulia, pa! pa! Maji yaliyobaki ndani yaligeuka mvuke na hayakuwa na pa kutokea. Vimepona 7. Mdogo kuliko wote, wa miaka mitano, chake kilipasuka vipande vitatu, akalia hadi akasinzia. Nimempigia mama mfinyanzi simu nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tuviweke vigae hivyo, tutavisaga tufanyie vingine. Nilipomwambia mtoto kwamba chungu chake kitakuwa ndani ya vyungu vya wenzake wote, alivikusanya mwenyewe kwenye kofia yake.

Jumamosi, 5 Julai

Mwaloni, kwenye soko la samaki la hapa Kirumba. Hii ilikuwa siku ya mvulana mmoja ambaye kwa miezi miwili hakuwahi kujibu swali hata moja. Baba yake ni mvuvi. Tulipofika kwa washona nyavu, alichukua sindano ya mbao ya kushonea nyavu kutoka mkononi mwa mjomba wake, akakaa, akaziba tundu la wavu kwa fundo moja baada ya jingine, upana wote sawa. Wenzake walimzunguka. "Nifundishe na mimi." Akafundisha hadi saa sita.

Mzee mmoja alituambia kwamba alipokuwa kijana nyavu za pamba zilikuwa lazima zianikwe kila siku, la sivyo zinaoza. Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935, haiozi. Ndiyo faida yake na ndiyo balaa yake: wavu uliokatika ukapotelea ziwani unaendelea kunasa samaki ambao hakuna atakayewala. Watoto waliuliza utaendelea mpaka lini. Mzee akatazama maji, akasema hata yeye ana wavu huko chini.

Halafu yule mvulana akanivuta mkono. "Mwalimu, njoo uone." Kwenye mtumbwi uliopinduliwa, fundi alikuwa akisukumia kitu cheupe kati ya mbao kwa patasi na nyundo ya mti. Pamba! Pamba iliyochovywa mafuta, kalafati. Mtumbwi ukiingia majini mbao zinavimba, zinaibana pamba, na maji hayapiti. Sikuwa nimeipanga, sikuwa hata ninaikumbuka. Pamba ya Usukumani imekuwa ikizuia ziwa lisiingie mtumbwini, na aliyeijua kati yetu ni mtoto niliyedhani hasikilizi.

Jumamosi, 12 Julai

Wazazi walikuja kuona ukuta. Mishale yote imefutwa. Mahali pake kuna karatasi ndogo ndogo zilizofuatana, kila moja na mchoro au kitu chenyewe kilichobandikwa. Kati ya pamba na shati zimefika tisa, na bado kuna pengo la ufumaji kwa sababu hatujapata wa kutuonyesha mtande, zile nyuzi za urefu wa kitambaa. Kwenye kopo, msichana wa kwenye nguzo hakuchora mashine. Amechora watu: mchimbaji wa Kyerwa, dereva, babu wa Makoroboi na nyundo yake. Mama wawili wa kokoto walikuja pia, wakajikuta ukutani, wakasimama hapo muda mrefu.

Baba mmoja aliuliza kuhusu kioo cha dirisha. Tunajua mchanga wa kwatzi umo, na magadi ya kuusaidia uyeyuke, na chokaa. Tunajua tanuri lake linahitaji joto la nyuzi 1,500 hivi, ambalo baraza yetu haina. Karatasi ya kioo tumeibandika ikiwa tupu, imeandikwa "bado".

Udongo mpya umechanganywa na vigae vya zamani. Vyungu vitakauka wiki tatu, nimeandika tarehe ukutani nisibembelezwe tena.

Jumamosi ijayo ni penseli. Nilikuwa nimekusudia kuanza na grafiti ya Mahenge na mti wa mbao yake, lakini msichana wa kwenye nguzo hajanisubiri. Leo wakati wageni wanakunywa chai nilimkuta nyuma ya mlango na kisu cha mkate, amepasua penseli yake mpya kwa urefu, anachungulia ule mstari mweusi katikati.